Risiva ya stereo ya mtumba Arusha na Moshi: soma dalili kabla hujatoa hela

Risiva za stereo (redio na amplifaya kwenye boksi moja) za miaka ya 1970, zile zenye uso wa fedha, nobu nzito za chuma na kioo cha redio kinachowaka buluu au manjano, bado zinapita mikononi mwa watu huku kwetu. Nyingine zinatoka kwenye nyumba za wazee waliostaafu. Nyingine ni za wageni waliokuwa wanahama Njiro au Shanty Town wakauza vyombo vyote kwa wiki moja. Nyingine zimeshuka na mzigo wa mtumba kutoka Japani, Uingereza au Ujerumani. Muuzaji mara nyingi anajua mambo mawili tu kuhusu mashine yake: inawaka au haiwaki, inaimba au haiimbi. Bei anaipanga kutokana na hayo mawili.

Mwenye hela ndogo anafaidika hapo hapo. Dalili zinazoshusha bei sana mara nyingi ni uchafu mtupu: sauti ya upande mmoja, mkwaruzo ukizungusha volyumu, taa zilizokufa, hata ukimya wa moja kwa moja. Dalili zinazokula hela kweli kweli ni ndogo na muuzaji huzipita kama si kitu: muungurumo wa chini chini, upande mmoja kupata moto, plagi yenye pini mbili bapa. Tuseme una laki mbili, na kati ya hizo ni lazima ibaki ya fundi. Haya yafuatayo ni kwa mtu wa namna hiyo.

Usiende sokoni mikono mitupu. Beba simu yenye muziki ndani yake (bando likikata katikati ya majaribio ni kero), waya wa kutoka simu kwenda matundu mawili ya RCA (yale ya duara ya nyuma, jekundu na jeupe), jozi ya spika ndogo ambazo zikiungua hutalia, mita chache za waya, tochi, na mita ya fundi ya kupimia volti. Kama muuzaji anasema hapa hakuna umeme, angalia kushoto na kulia: kwenye kila safu ya vibanda kuna kinyozi au mtu wa kuchajisha simu. Mpe kinyozi chochote cha soda na umwombe soketi kwa robo saa. Muuzaji akikataa mashine itoke kibandani wakati yeye mwenyewe anaweza kuibeba, umeshapata jibu.

"Ilichomekwa mara moja, ikatoa moshi"

Hii ndiyo hadithi ninayoisikia kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara kimeandikwa nyuma ya mashine yenyewe. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Risiva iliyouzwa Japani kwa Wajapani inataka volti 100. Ya Marekani inataka 120. Ukiichomeka ya Japani kwenye soketi ya ukutani unaipa zaidi ya mara mbili ya inachotaka. Ukibahatika inakata fyuzi, usipobahatika inaondoka na transfoma yake, na transfoma ya mashine hizi ndicho kipuri kigumu kuliko vyote kukipata.

Pale Kiboriloni niliwahi kukuta risiva moja ya Trio, safi kabisa, mbao zake hazina mkwaruzo, imewekwa juu ya rundo la mapazia.

"Shikamoo mzee. Hii imeshachomekwa?"

"Marahaba. Bado mwanangu, hapa hakuna umeme. Lakini nzima hiyo, imetoka Japani juzi tu."

"Nyuma imeandikwa volti mia."

"Si utaweka adapta?"

Na alikuwa nayo mkononi, ile adapta nyeupe ya kugeuza pini mbili kuwa tatu. Adapta ile inabadili umbo la plagi basi. Volti zinaingia vilevile zilivyo. Bahati ya yule mzee ni kwamba kibandani kwake kweli hakukuwa na umeme.

Kwa hiyo geuza mashine kabla ya kitu kingine chochote, usome kibati cha nyuma. Kikiandika 220, 230 au 240, endelea. Kikiwa na swichi au kidude cha kuzungusha chenye namba kadhaa, 110, 120, 220, 240, hiyo ni mashine ya kuuzwa nchi nyingi, na ndiyo inayotufaa zaidi. Iweke 240, maana umeme wa mtaani una saa zake za kupanda, na hakikisha fyuzi iliyomo ni ya upande wa volti hizo. Kikiandika 100 au 120 peke yake, ongeza kwenye bei gharama ya transfoma ya kushusha umeme. Chukua yenye uwezo kama mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibati, na iwe nzito, ya waya na chuma. Vile vibadilishaji vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya vikaushia nywele havifai kwa redio. Transfoma ya 110 inaielekea mashine ya Marekani. Ya Japani itafutie ya 100. Tena ya Marekani iliyoandikwa hezi 60 tu, ikifanya kazi kwenye hezi 50 zetu transfoma yake ya ndani inapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa, basi usiifungie kabatini.

Risiva ya Japani ina jambo la pili ambalo transfoma haitibu. Redio ya FM ya kule ilianzia 76 ikaishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Utazungusha mshale mpaka mwisho na kupata kipande kidogo tu, labda stesheni moja, labda hakuna. Muuzaji atakuambia inahitaji antena. Antena haitasaidia kitu. Kama unataka amplifaya ya kuchomekea simu na kaseti, nunua, ila bei ya redio usiilipe.

Haiwaki kabisa

Anza na plagi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na ile ya ampea 13 iliyowekwa na duka haimlindi mtu yeyote mwenye mashine ya wati mia na hamsini; ya ampea 3 inatosha. Halafu tafuta fyuzi ya mashine, mara nyingi iko nyuma kwenye kifuniko cha kufungua kwa vidole, nyingine ndani. Itoe uitazame kwa tochi.

Fyuzi inasema mengi. Iliyokatika katikati kwa utulivu, kioo chake bado cheupe, huenda imechoka tu. Iliyolipuka kioo kikawa cheusi au cha fedha ndani imekutana na shoti, na shoti hiyo bado iko kwenye mashine. Na ile iliyozungushiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, au kuunganishwa kwa uzi wa shaba, inakuambia kuwa fyuzi ilishakatika zaidi ya mara moja na mtu akaona ainyamazishe. Mashine ya namna hiyo inunuliwe kwa bei ya vipuri au isinunuliwe.

Usikubali muuzaji abadilishe fyuzi na kuichomeka pale pale ili "tuone". Mashine iliyokaa miaka mingi stoo, kapasita zake (vipuri vinavyohifadhi umeme) zimelala, haitakiwi kupigwa volti zote kwa mkupuo. Namna ya kuiamsha iko mwishoni.

Taa zinawaka, sauti hakuna

Hapa ndipo watu wanapopata mashine za bei ya bure, kwa hiyo tulia.

Sikiliza kwanza. Washa, hesabu taratibu mpaka kumi. Risiva nyingi za katikati ya miaka ya 1970 kuendelea zina relei ya ulinzi (swichi inayojiwasha yenyewe): sekunde chache baada ya kuwasha unasikia "tak" ndani. Ule mlio maana yake mashine imejikagua, haikuona umeme wa DC (ule kama wa betri, unaounguza spika) kwenye njia ya spika, ikaunganisha spika. Mashine nyingine ndogo, hasa za mwanzoni mwa muongo ule, hazina relei kabisa. Hizo zinapiga "dum" kwenye spika ukiwasha, na ndivyo zilivyozaliwa.

Tak imesikika na bado kimya? Habari njema. Sasa pitia vitufe kimoja kimoja. Kitufe kilichoandikwa TAPE MONITOR kikiwa kimebonyezwa, mashine inasubiri sauti irudi kutoka kwenye dekki la kaseti ambalo halipo, na itakaa kimya mpaka Yesu arudi. Kibonyeze kitoke. Angalia swichi ya spika: iko OFF, A au B, na wewe umefunga waya wapi? Angalia kichaguzi cha chanzo kiko AUX, ulipochomeka simu. Kisha nenda nyuma: baadhi ya risiva zina matundu yaliyoandikwa PRE OUT na MAIN IN, yaliyounganishwa kwa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U. Vipande hivyo vinapotea wakati wa kuhama nyumba, na bila hivyo mashine nzima kabisa haitoi hata mchakacho. Waya mfupi wa RCA unavichukulia nafasi. Nimeona mashine ikiuzwa "mbovu" huku inadai vipande viwili vya chuma vyenye urefu wa kidole gumba.

Zaidi ya hayo, swichi zenyewe zina kutu. Ikibaki kimya, ibonyeze ile TAPE MONITOR mara ishirini haraka haraka, na kichaguzi cha chanzo kizungushe kwenda na kurudi. Sauti ikikatika na kurudi, ni uchafu.

Tak haijasikika? Zima, chomoa spika zote, washa tena. Ikipiga tak bila spika, kosa liko kwenye waya wako (nyuzi mbili zimegusana nyuma) au kwenye spika. Isipopiga hata hivyo, mashine imeona kitu ndani yake kisicho salama: transista za mwisho (zile kubwa zinazosukuma spika) zimeungua, au umeme wa DC unatoka pasipotakiwa, au umeme wa ndani hautoshi. Inawezekana pia ni saketi ya ulinzi yenyewe imechoka, na hiyo ni kazi ndogo, ila ukiwa umesimama sokoni huwezi kujua ni ipi. Lipa kana kwamba ni transista. Na ukimsikia mtu anasema "fundi aliiunganisha ile relei moja kwa moja, sasa inaimba", ondoka nayo mbali. Siku ikikosea, umeme wa DC utapita wote kwenye spika zako.

Upande mmoja unaimba, mwingine umekufa

Kabla ya kulaumu mashine, geuza vitu. Waya wa spika ya kushoto hamishia kulia na wa kulia kushoto, nyuma ya risiva. Upande uliokufa ukihama, yaani spika ile ile imenyamaza hata baada ya kuhamishwa, basi spika au waya ndio wabovu. Ukibaki pale pale, geuza sasa waya wa simu, mwekundu uende tundu jeupe. Ukimya ukihama, tatizo ni waya wa simu, na waya hizi za bei chee zinakatika karibu na pini kila siku. Usipohama, ni risiva. Hapo angalia nobu ya BALANCE isije ikawa imezungushwa upande mmoja (mara nyingi watoto), halafu bonyeza MONO. Kwenye MONO pande zote zikaimba? Basi sehemu ya mwisho, ile yenye nguvu na gharama, ni nzima pande zote mbili, na kilichokufa ni swichi au kitu kidogo huko mwanzoni. Nusu ya bei, na unatoka umefaidi.

Kuna dalili moja ninayoipenda katika kundi hili. Upande mmoja hauna sauti, au una sauti nyembamba inayochanachana. Ukipandisha volyumu kwa nguvu kidogo, ghafla unaingia wote, ukishusha unabaki. Hiyo ni relei ya spika, vichwa vyake vya kugusana vimepauka kwa miaka. Sauti kubwa inapenyeza, ndogo inakwama. Fundi anafungua kifuniko cha relei, anapitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholowa kontakti klina (dawa ya kusafishia swichi) katikati ya vichwa, mara kadhaa, basi. Msasa asiutumie, unakwangua ile ngozi ya madini ya thamani na baada ya miezi uko pale pale. Relei mpya yenye volti na miguu ile ile nayo si mali ya kutisha.

Mkwaruzo kwenye volyumu, bezi au trebo nao ni wa familia hii hii. Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, dawa inapuliziwa ndani ya poti (kipuri kilicho nyuma ya nobu) kwenye tundu lake, nobu inazungushwa mwanzo mpaka mwisho mara nyingi, inaachwa ikauke. Iwe kontakti klina ya kopo. Petroli, mafuta ya taa na yale mafuta ya kulegezea nati zilizoshika kutu hayafai: yanaondoa grisi au kula njia ya kaboni, na mkwaruzo unarudi na ndugu zake.

Inaunguruma

Tofautisha hili kwa jaribio moja. Shusha volyumu mpaka sifuri. Muungurumo ukibaki vile vile, unatoka kwenye sehemu zinazofuata baada ya volyumu, na mtuhumiwa wa kwanza ni zile kapasita kubwa za umeme zenye ukubwa wa chupa ndogo. Umeme wa hezi 50 ukigeuzwa kuwa DC unaacha mawimbi ya hezi 100. Kapasita ndizo zinazoyalaza, na baada ya miaka hamsini hivi zimekauka. Kapasita zinapatikana, kazi inajulikana, lakini ni hela, na mashine inayounguruma kwenye volyumu sifuri kwa kawaida ina kapasita nyingine ndogo ndogo zilizochoka vilevile. Muuzaji atakuambia "ni umeme wa hapa". Kubali kwa heshima, halafu shusha bei.

Muungurumo ukipanda na kushuka pamoja na volyumu, unaingia kabla ya volyumu. Simu iko kwenye chaja? Ichomoe chaja. Ni kompyuta? Hivyo hivyo. Ni gramafoni? Unganisha ule waya mwembamba wa tatu kwenye skurubu iliyoandikwa GND nyuma ya risiva, na kelele inakatika papo hapo. Gramafoni iingie kwenye tundu la PHONO, simu isiingie huko kamwe; tundu hilo linakuza sauti ndogo ya sindano na kuigeuza bezi, kwa hiyo simu ikichomekwa pale inasikika kama imeharibika, na si risiva wala simu yenye kosa.

Halafu kuna kelele isiyo muungurumo: kama mafuta yanakaangwa, inakuja na kuondoka, hugusi kitu. Hii ni transista ndogo za mwanzo zinazozeeka. Za Kijapani za wakati ule kama 2SC458 na 2SA726 zinafahamika kwa tabia hiyo. Kipuri chenyewe ni kidogo na rahisi. Gharama iko kwenye saa za fundi kuitafuta ni ipi kati ya nyingi, na si kila fundi wa sabufa ana subira hiyo. Muulize kabla hujanunua.

Inapata moto

Acha iimbe kwa sauti ya kawaida kwa dakika kumi na tano, ndiyo maana ya kinyozi, kisha weka kiganja juu ya kifuniko, upande wa bati la kupozea. Uvuguvugu ni sawa. Moto wa kutoa mkono, hasa kama ulikuwa hupigi kitu, si sawa. Na joto la upande mmoja tu ni dalili mbaya zaidi, kwa sababu pande hizo mbili zimeumbwa sawa na zinatakiwa kula umeme sawa.

Hapa ndipo bei ya ukarabati inapopanda na mtego wa vipuri feki unapoingia. Mashine nyingi za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980, zile nyeusi zenye namba za kuwaka, zinatumia STK, tofali moja jeusi la Sanyo lenye amplifaya nzima ndani yake. Ilivyokwisha kutengenezwa, soko limejaa za bandia. Transista kubwa nazo vivyo hivyo. 2SC5200 ya Toshiba ni mojawapo ya zinazoigwa sana duniani. Fundi wako anaweza kuwa mwaminifu na bado akauziwa feki dukani, ikaimba Jumamosi na kuungua Jumatatu. Kwa bajeti ndogo mimi mashine iliyokufa STK siigusi, hata ikiwa na uso mzuri namna gani. Ya zamani kidogo, yenye transista za chuma zenye umbo la yai zilizofungwa kwa skurubu mbili, inatengenezeka kirahisi zaidi.

Na usikimbilie ukubwa. Wati za siku zile na wati za kwenye boksi la sabufa ya leo ni vitu viwili. Mwaka 1974 Marekani iliweka kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya, na watengenezaji wakalazimika kusema ukweli: pande zote mbili zikifanya kazi, kwa muda, na upotoshaji wa sauti ukiandikwa. Pioneer SX-450 imeandikwa wati 15 kwa upande na inajaza sebule ya Kaloleni mpaka jirani agonge ukuta. Kubwa zao, kama SX-1980 yenye wati 270 kwa upande, ni hadithi ya matajiri na wakusanyaji. Jina la Marantz nalo linapandisha bei peke yake; kwa hela ile ile utapata Technics, JVC, Kenwood au Yamaha ya daraja la chini iliyo katika hali nzuri zaidi. "Hii ni orijino, kaka," atakuambia chalii wa Kilombero. Ni kweli, na vumbi lake pia ni orijino.

Redio haikamati

Kama umeshahakikisha si ya Japani, tafuta antena. Bila antena risiva hizi ni viziwi, hazina ile fimbo ya redio ndogo. Kipande cha waya cha sentimita 75 kwenye skurubu ya antena ya FM kinatosha kwa jaribio ukiwa mjini. Nyumbani tengeneza ya umbo la T, upana wa mita moja na nusu, ukutani. Ukikaa nyuma ya kilima, upande wa Mlima Meru au huku juu Kibosho, pandisha zaidi.

Nobu inazunguka na mshale hausogei, lakini stesheni zinabadilika: mshale umeteleza kwenye uzi wake. Stesheni nazo hazibadiliki: uzi umekatika, kazi ya kuudhi kuliko ya gharama. Taa za kioo zilizokufa ni globu ndogo za volti sita au nane, nyingi zina umbo la fyuzi. Watu wanaweka za LED nyeupe. Zinawaka, lakini uso wote unageuka friji ya dukani. Stesheni za AM zikijaa kelele, zima kwanza taa za LED na chaja za nyumbani.

Ukiona Grundig, Saba au Telefunken yenye matundu ya duara ya mashimo matano badala ya RCA, hiyo ni DIN. Si ugonjwa. Fundi anaitengenezea waya.

Unachokiona kwenye matundu ya kifuniko

Mulika tochi juu. Vumbi letu jepesi la kijivu halina neno, linapulizwa. Mende wanapenda joto la transfoma na wanaacha uchafu unaokula mbao za saketi, wachache unavumilia. Mkojo wa panya unaonekana kama kutu ya kijani na nyeupe kwenye miguu ya vipuri, na harufu yake huwezi kuikosea. Hiyo acha. Mashine iliyokaa Marangu au Machame kwenye unyevu inaweza kuwa na ukungu kwenye mbao na kutu kwenye chasisi. Tazama zaidi matundu ya nyuma, maana kutu ya pale inaleta mikato isiyoisha. Skurubu zilizoliwa vichwa zinasema mashine imeshafunguliwa na mtu aliyekuwa na bisibisi isiyo saizi. Gundi ya kahawia iliyokauka kuzunguka kapasita ilikuwa ya manjano ilipotoka kiwandani. Ikizeeka inakula miguu ya vipuri na hata kupitisha umeme, kwa hiyo mwambie fundi aikwangue.

Kuiwasha mara ya kwanza nyumbani

Tafuta globu ya zamani ya nyuzi, wati 100, zile wanazotumia wafugaji kuwapashia vifaranga joto. Za LED hazifai kwa kazi hii. Mwambie fundi akutengenezee waya ambao globu hiyo inakaa katikati ya njia ya umeme kabla ya risiva. Spika zisiwe zimefungwa. Washa: globu iking'aa kwa nguvu sekunde moja kisha ikafifia, mashine haina shoti, iache hivyo kwa muda kapasita ziamke. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, zima mara moja; badala ya transfoma kuungua, globu imebeba mzigo. Relei inaweza isipige tak kwa sababu volti zinazofika ni ndogo, usihangaike nayo bado. Na usitie vidole ndani. Kapasita kubwa zinashika umeme hata baada ya kuchomoa.

Ikipita hapo, toa globu, chomeka moja kwa moja, volyumu sifuri, subiri tak na dakika chache za kupata joto. Weka mita kwenye milivolti za DC, gusa nyekundu na nyeusi za spika ya kushoto, kisha za kulia. Chini ya 50 ni nzuri. Ikipita 100, irudishe kwa fundi. Zikiwa nzuri pande zote mbili, funga kwanza zile spika usizozililia, sikiliza jioni nzima, na kesho yake ndipo ulete zile kubwa.